Vipimo vya Uso wa Rachael

Siku ya ishirini tangu ile mashine iingie nyumbani kwao Minjila, Rachael aliifunga ndani ya begi lake jeusi, akavuta zipu mpaka mwisho, akamwambia mumewe kwamba kesho ataipeleka kliniki airudishe. Danson alikuwa amekaa kizingitini akibandua tope kwenye jembe. Aliinua kichwa akamtazama mkewe usoni. Kidonda cha juu ya pua kilikuwa kimefunguka tena, na chini ya macho kulikuwa na uvimbe wa mtu aliyekesha. Akasema sawa, kisha akaendelea kubandua tope mahali ambapo tope lilikuwa limekwisha.

Mashine yenyewe haikuwa kubwa, kiasi cha mkebe wa biskuti. Ilikuwa na mpira mrefu mwepesi, na mwisho wa mpira palikuwa na maski ya kufunika pua na mdomo. Kazi yake ilikuwa kumpulizia hewa akiwa usingizini ili koo lisijifunge. Daktari wa Mombasa alikuwa amemlaza Rachael hospitali usiku mmoja, amebandikwa nyaya, na asubuhi akamwonyesha karatasi: pumzi yake ilikuwa inakatika mara arobaini na moja kila saa, na kila inapokatika mwili unashtuka kuitafuta. Daktari alimwambia ndiyo maana anaamka amechoka kama mtu aliyelima. Rachael aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Miaka mingi watu walimwambia ni uvivu, naye alikuwa ameanza kuamini.

Kilichompeleka Mombasa ni sindano. Rachael ni fundi wa nguo mjini Garsen, na mwezi wa Februari, mchana kweupe, alisinzia juu ya cherehani akishona pindo la sketi ya shule. Sindano ikapenya ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Everline, rafiki yake anayeuza leso katika kibanda hicho hicho, ndiye aliyezungusha gurudumu kinyumenyume kuitoa. Mwenye sketi alikuwa amesimama pale pale. Kabla ya magharibi soko zima lilikuwa linasema fundi Rachael amejishona mwenyewe.

Lakini lililomuuma kuliko sindano lilitokea Hola, mwaka uliotangulia, kwenye kongamano la akina mama wa kanisa. Walilazwa kwenye mabweni ya shule, sita sita kila chumba. Rachael alikuwa anatoka kuoga alipowasikia wenzake wakipiga kura ni chumba kipi kimchukue yeye, na mmoja akisema afadhali alale nje na mbu kuliko kusikia mkoromo ule. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi mpaka kukapambazuka, akijifinya mapaja asipitiwe na usingizi, na asubuhi akasimama na kwaya akaimba sauti yake ya pili kama kawaida.

Nyumbani nako, Danson alikuwa amehamia sebuleni, kwenye mkeka, mwaka mzima sasa. Aliwaambia watu ni mgongo, eti daktari amemwambia alale chini. Hakuna daktari aliyemwambia hivyo. Rachael alijua, na Danson alijua kwamba anajua, na wote wawili waliutunza ule mgongo kama mgeni mwenye heshima.

Mashine walikuwa wamepewa kwa kuazimwa. Hospitali ilikuwa nazo chache za kuwapa wasioweza kununua, na sharti lilikuwa moja: ndani ya siku arobaini, kadi iliyomo ndani ya mashine ionyeshe kwamba mgonjwa anaivaa angalau saa nne kwa usiku. Asipoivaa, apewe mwingine. Rachael alijaribu. Alikaza mikanda, akalala, na kila alipogeuka hewa ilimpiga machoni na maski ikapiga mluzi. Akakaza zaidi. Haukupita muda akaivua akaisukuma chini ya mto, akalala na kukoroma kama zamani, tofauti ikiwa tu kwamba sasa alikuwa na kidonda.

Kliniki ya Garsen ilikuwa na kijana anayeitwa Sadik, mzaliwa wa Kipini, ambaye wagonjwa wote walimwita daktari. Ndiye aliyewafuatilia watu wa mashine kwa niaba ya hospitali ya Mombasa. Alichomeka kadi kwenye kompyuta, na kabla hajasema lolote Rachael alianza kumweleza kwamba ameirudisha kwa hiari yake, halaumu mtu, na ni haki apewe mwingine. Sadik akamwambia kwamba ni kweli yuko anayesubiri, mzee mmoja mfugaji, na kwamba mzee huyo hali yake si nzuri. Hilo likamzidishia Rachael aibu. Aliona kama ameikalia pumzi ya mtu siku ishirini.

"Dakika thelathini na nane kwa usiku," Sadik akasema. "Lakini kabla sijaipokea, mama, hebu ivae nione wavaaje."

Rachael akaketi wima kitini, akaiweka usoni, akavuta mikanda ya nyuma kwa mikono miwili mpaka mashavu yakatokeza pembeni, kama mtu anayefunga gunia la embe. Sadik hakucheka. Alimpigia muuguzi wa Mombasa, Sista Ruwaida, akaigeuza kamera ya simu imwelekee Rachael. Sista alitazama kidogo tu, akauliza ni nani aliyempimia maski ile.

Rachael akaeleza kwamba siku ile foleni ilikuwa ndefu. Mhudumu alitoa maski kabatini, akamwekea usoni, akasema inatosha.

"Ulikuwa umelala au umeketi?"

Alikuwa ameketi.

"Na mashine ilikuwa inapuliza?"

Haikuwa inapuliza.

Sista Ruwaida akamwomba radhi. Rachael hakukumbuka ni lini mtu wa hospitali aliwahi kumwomba radhi, akasema si kitu. Sista akamwelekeza apande kwenye kitanda cha kliniki alale chali, hewa iwashwe, mikanda yote ilegezwe, kisha ikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kulia na kushoto sawa, na mluzi ukinyamaza tu aishie hapo hapo.

Rachael akalala. Alipolegeza mikanda alitarajia maski itavuja zaidi, lakini mluzi ulipungua. Akalegeza tena, ukapungua tena. Sista alieleza kwamba ukingo wa maski ni mpira laini uliotengenezwa ujae hewa kama mto. Ukiubana unakunjika, na pale unapokunjika ndipo hewa inapotokea. Tena uso wa mtu aliyelala si ule wa mtu aliyeketi, mashavu huanguka kando na kidevu hurudi nyuma.

"Kumbe," Rachael akasema kutoka ndani ya maski, sauti yake ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, "mlinipima nguo ya kulalia nikiwa nimekaa."

Sista Ruwaida akacheka mpaka simu ikatikisika mkononi mwake kule Mombasa. Rachael naye akacheka, na hewa ikamtoka pembeni kwa kishindo, Sadik akarudi nyuma hatua moja.

Hata hivyo palibaki pahala pamoja pasipokubali kunyamaza, juu ya pua, pale kwenye kidonda. Sista akasema maski ni kubwa kwake. Angeweza kutuma nyingine kwa basi, ila alihitaji vipimo, na kadi ya kupimia iko hospitali. Rachael akavua maski, akajifuta jasho kwa leso, akamuuliza ni vipimo vya wapi mpaka wapi. Alipoambiwa, alisema atavipata jioni ya leo. Sadik akalisukuma lile begi jeusi likarudi upande wake wa meza.

Jioni ile Rachael aliketi uani kwenye kigoda, akamkabidhi Danson utepe wa kupimia. Danson alikuwa ameoana naye miaka ishirini na sita na hakuwahi kuushika utepe huo. Ulikuwa ukining'inia shingoni mwa mkewe kama sehemu ya mwili wake. Aliushika kwa ncha za vidole. Rachael akamfundisha kwamba ncha ya chuma iwe mwanzo, na asiuvute, nyama ya uso hudanganya. Apime kutoka juu ya pua, pale mfupa unapoingia ndani, mpaka chini ya mdomo wa chini. Kisha upana wa pua. Kisha kutoka pembe hii ya mdomo mpaka pembe ile.

Danson akapima. Mikono yake ya shamba ilikuwa migumu. Alisoma kwa sauti, Rachael akaandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Walipomaliza, Rachael akamwambia arudie yote, maana fundi hapimi mara moja. Aliporudia upana wa pua, akasita.

"Pua yako nyembamba," akasema. "Sikuwa najua."

"Ulikuwa unaangalia nini miaka yote hiyo?"

Danson alifikiri kama aliyeulizwa swali la mtihani. Kisha akamwambia alikuwa anamwangalia macho, na kwamba mwaka huu mmoja hakuwa anaangalia sana, kwa sababu akiingia chumbani alikuwa anaogopa. Rachael akamuuliza alikuwa anaogopa nini. Danson akaukunja utepe taratibu, akasema haikuwa kelele. Kelele mtu huzoea. Alikuwa anaogopa pale kelele inapokatika. Alikuwa akilala pembeni yake akihesabu mpaka pumzi irudi, siku nyingine anafika thelathini, na akaona hawezi kuendelea kuhesabu. Akahamia sebuleni akasingizia mgongo.

Mwaka mzima Rachael alikuwa akidhani amemchosha mumewe. Aliupokea utepe, akauning'iniza shingoni, akaingia ndani kupakua wali, na Danson akasikia kwamba anaimba.

Vipimo vilitumwa kwa simu, kwa milimita, kila kimoja mara mbili, na mchoro mdogo wa uso uliochorwa kama mchoro wa kola. Sista Ruwaida alijibu kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuletewa vipimo vya namna hiyo, na kwamba ameubandika mchoro ule ukutani. Baada ya siku tatu kifurushi kilishuka Garsen na basi la kutoka Mombasa. Ndani yake mlikuwa na maski ndogo ya umbo lile lile, na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa mkono.

Karatasi ilisema asianze kwa kulala nayo. Aivae mchana akiwa macho, akifanya kazi zake, hewa ikiwa ya chini, nusu saa, kesho yake zaidi, mpaka uso uizoee. Rachael akaibeba mashine mpaka kibandani, akaichomeka kwenye soketi ya pasi, akavaa maski, akaketi kwenye cherehani na kuendelea na mashati ya shule.

Everline alipofika na mzigo wake wa leso alisimama mlangoni. Alimtazama rafiki yake aliyefungwa uso na mpira ukimning'inia mpaka chini ya meza, akauliza kama rubani anaruka leo au kesho. Rachael akamwonyesha kwa kidole saa ya ukutani: bado dakika kumi. Siku ile wateja waliongezeka. Waliokuwa hawana nguo ya kushona walileta nguo ya kupunguza, ili mradi waone. Mama mmoja kutoka Ngao aliuliza kwa upole kama ugonjwa wenyewe unaambukiza, na Everline akamjibu kwamba hauambukizi, ila ukikaa hapa sana utanunua leso. Akanunua mbili.

Watu walicheka, na safari hii Rachael alicheka nao. Ni kicheko kilichokuwa tofauti na cha sindano, ingawa vinywa vilikuwa vile vile. Kila aliyeuliza alimweleza: hii ni ya kupumulia, pumzi yangu hukatika nikilala. Kufikia siku ya tatu alikuwa amesema sentensi hiyo mara nyingi mpaka ikawa haina uzito wowote, kama kusema leo jua kali. Na wanawake wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walirudi jioni watu walipopungua, wakamnong'oneza kuhusu waume zao.

Mambo madogo yalibaki, na aliyashughulikia moja moja. Mafuta anayojipaka usoni yalifanya maski iteleze, akaacha kujipaka jioni, akawa ananawa kwa sabuni na kujikausha. Mikanda ilihama juu ya misuko yake, basi akashona kofia ya pamba nyepesi yenye vitanzi vinne, mkanda mmoja kila kitanzi. Joto la Garsen lilimtoa jasho chini ya ukingo wa mpira. Alimuuliza Sista Ruwaida kama anaweza kuweka kitambaa katikati, akaruhusiwa, mradi akifue kila siku na hewa isipite, akakata pete tano kutoka kwenye fulana kuukuu ya Danson. Mpira ulikwama kwenye chandarua kila alipogeuka, Danson akaufunga kwa lastiki juu kwenye mti wa chandarua ili umfuate mgonjwa anakokwenda. Alifanya kazi hiyo kwa makini sana, akapanda kitandani na kujigeuza huku na huku mwenyewe kuhakikisha haukwami.

Jumapili, baada ya ibada, Rachael aliamua kujilaza saa moja na maski kwa mazoezi, kwa sababu stima ilikuwapo na jioni mara nyingi haikuwapo. Ilikuwa saa nane mchana. Danson alikaa barazani akipukuchua mahindi. Alisikia mashine ikianza, ule mvumo wake mdogo, kisha akasubiri mkoromo. Haukuja. Akapukuchua mahindi matatu. Haukuja. Akaweka ungo chini, akaingia haraka.

Rachael alikuwa amelala upande, mkono chini ya shavu. Mpira ulikuwa umepinda vizuri juu yake. Danson alipiga magoti kando ya kitanda na kuangalia leso iliyomfunika mkewe. Ilipanda, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Alianza kuhesabu kwa mazoea, na hakukuwa na cha kuhesabu. Pumzi moja ilifuata nyingine bila kuchelewa. Akakaa chini sakafuni, akaegemea ukuta, na machozi yakamtoka bila sababu ya kuyaficha.

Saa kumi walikuja akina mama watatu wa kwaya kumchukua Rachael kwa mazoezi ya wimbo wa mavuno. Danson akawalaki uani, kidole mdomoni. Akawaambia kwa mnong'ono kwamba Rachael amelala na leo haamshwi. Mmoja wao alikuwa yule aliyesema kule Hola afadhali mbu. Alisogea dirishani, akasikiliza, akamgeukia Danson kwa wasiwasi.

"Mbona simsikii?"

"Humsikii kwa sababu anapumua," Danson akamwambia.

Yule mama alisimama pale dirishani muda mrefu kuliko wenzake. Kisha wote watatu wakaketi barazani, wakavuta ungo, wakawa wanapukuchua mahindi na kufanya mazoezi ya wimbo wao kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya kwanza na ya tatu tu, wakiacha nafasi ya ile ya pili. Rachael aliamka saa kumi na mbili kasoro. Alitoka akiwa na alama nyepesi za mikanda mashavuni, akawaona, akaona mahindi yote yamekwisha, akauliza ni siku gani.

Usiku huo Danson aliukunja mkeka wa sebuleni akauegemeza nyuma ya mlango, akaingia chumbani na kusema mgongo umepona. Rachael alimuuliza ni daktari gani aliyempa dawa. Danson akasema kulala na kuacha kuuliza maswali ndiyo dawa yenyewe, akageukia ukutani, na wa kwanza kupitiwa na usingizi alikuwa yeye.

Siku ya arobaini kadi ilisomwa. Saa sita na dakika kumi kwa usiku tangu Jumapili ile, ukiacha siku mbili ambazo stima ilikatika. Sadik akamgeuzia Rachael kompyuta aone mistari ya rangi ya kijani, akamwambia mashine ni yake kwa muda wote atakaoihitaji. Rachael akashukuru, lakini hakuinuka. Akauliza habari za yule mzee anayesubiri.

Sadik akatabasamu. Akamwambia mashine nyingine imerudishwa wiki iliyopita na mgonjwa aliyefaulu kununua yake, na mzee yuko nje kwenye benchi hivi sasa, ila kuna tatizo: ameiona maski na amekataa. Kama mama ana nafasi, akasema, labda aongee naye.

Mzee Dukicha aliingia na mkewe, Barwako. Alikuwa Muorma mrefu, mwenye ndevu ndefu zilizotiwa hina na macho mekundu ya mtu asiyelala, na alisalimia kwa adabu zote kabla ya kusema kwamba ameshaamua. Alieleza kwamba amejaribu ile maski mara moja, ikampuliza ndevuni kama upepo wa jangwani. Akaambiwa anyoe. Ndevu hatanyoa. Zaidi ya hapo, akasema, mtu hufunga mdomo wa ndama ili asinyonye, na yeye si ndama.

Rachael hakubishana naye. Alitoa utepe shingoni. Kwa kuwa si vizuri amguse usoni mume wa mtu, alimpa Barwako ncha ya chuma, akamwelekeza aweke wapi, yeye akasoma namba kwa mbali. Alimuuliza mzee kama anapumua kwa pua vizuri, hata akilala. Barwako ndiye aliyejibu kwamba mdomo huwa umefungwa, na kwamba yeye anajua kwa sababu yeye ndiye huwa macho. Rachael akaangalia masharubu. Yalikuwa yamepunguzwa vizuri, kama desturi ya dini yake. Akamwambia Sadik atoe kwenye kabati maski ndogo ya puani aliyokuwa ameiona humo, ile isiyofika kwenye ndevu kabisa, inayoishia juu ya mdomo tu.

"Sasa lala, mzee wangu," akasema. "Maski haipimwi umekaa. Mimi walinipima nimekaa, nikateseka siku ishirini."

Mzee akasema hawezi kulala mbele ya wanawake na mchana kweupe.

"Umelala barazani kwa chifu," Barwako akamwambia, bila ukali. "Umelala kwenye harusi ya mwanao. Juzi umelala umesimama, ng'ombe wakaingia shamba la watu, tukaomba radhi mpaka nikaona haya. Hapa palipo na kitanda ndipo unaona haya?"

Mzee Dukicha alimtazama mkewe. Akavua kofia yake, akampa aishike, akapanda kitandani na kujinyoosha, miguu ikapita ukingo. Sadik akawasha hewa ya chini. Barwako akaikalisha maski kwa mikono yake mwenyewe, Rachael akimwambia legeza, legeza tena, sasa huo wa kulia kidogo, basi. Palikuwa na mluzi mwembamba upande mmoja. Barwako akausogeza ukingo kwa ncha ya kidole, ukanyamaza. Mzee akafumba macho ili, alisema, asiwaone wanavyomwangalia.

Hawakujua ni dakika ngapi zilipita. Sadik ndiye aliyeona kwanza. Mikono ya mzee, iliyokuwa imeshika kingo za kitanda, ilikuwa imefunguka. Kifua kilipanda na kushuka bila kukwama. Sadik akaangalia mstari kwenye mashine, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika, akachukua karatasi akaandika kwamba wagonjwa wote watahudumiwa kwenye baraza la nyuma, akaibandika mlangoni na kutoka na meza yake bila kuiburuta.

Rachael na Barwako wakabaki kwenye benchi kando ya ukuta. Barwako alikuwa bado ameshika ile kofia mapajani. Alimweleza Rachael kwa sauti ya chini kwamba mwaka wa tatu huu analala kwa vipande. Mumewe akinyamaza yeye humtikisa, akirudi kupumua yeye hubaki anangoja anyamaze tena. Wanawe humwambia alale chumba kingine, lakini nani basi atamtikisa. Rachael akamwambia kwamba na kwake kulikuwa na mtu aliyekuwa akihesabu. Barwako akauliza kama siku hizi mtu huyo analala. Rachael akasema analala mpaka anapitwa na chai.

Barwako akaangalia kitandani tena, akasikiliza. Halafu kichwa chake kikaanza kuinama. Kiliinuka mara moja, kikainama tena, na taratibu kikaja kutua begani kwa Rachael, mtandio na yote, kizito kama cha mtoto. Rachael alikaa bila kutikisika. Bega lilianza kufa ganzi, naye akaliacha life. Nje wagonjwa walisikika wakipita kwa vidole wakielekea baraza la nyuma.

Simu yake ikatetemeka mfukoni. Aliitoa kwa vidole viwili. Alikuwa Danson, akiuliza kadi imesemaje na mbona amechelewa hivyo, chakula kimepoa.

"Mashine ni yetu," Rachael akanong'ona. "Lakini siwezi kuondoka sasa. Nimelaliwa begani."

"Umelaliwa na nani?"

"Na mke wa mzee Dukicha. Usinipigie tena, utamwamsha."